Drafti ya FPL: hesabu ya zamu, viti na orodha kabla ya kuingia chumbani

Katika FPL (Fantasy Premier League) ya kawaida, mchezo wa mtandaoni wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, mnaweza kuwa kumi kwenye ligi moja na nyote kumi mkawa na Haaland. Kinachowabana ni bajeti ya pauni milioni 100, si mwenzako. Kwenye drafti, ambako mnachagua wachezaji kwa zamu, mambo yamegeuka: bajeti haipo kabisa, ila mchezaji akishachukuliwa na mmoja wenu, wengine mmemkosa mpaka mwenyewe amwache. Ndiyo maana kujua nani mkali hakusaidii sana. Kila mtu anajua Salah ni mkali. Cha kujiuliza ni hiki: zamu yangu ikirudi, nitakuta nini kimebaki mezani? Anayeweza kulijibu swali hilo kabla ya kuingia chumba cha drafti, yaani ukurasa wa mtandaoni mnapochagulia, ameshawatangulia wenzake, na jibu lake ni hesabu ndogo tu.

Sheria zinazobadilisha kila kitu

Mchezo rasmi wa drafti wa Ligi Kuu ya Uingereza ulianza msimu wa 2017/18. Ligi moja huwa na mameneja, yaani washiriki, kuanzia 2 hadi 16. Kila mmoja anachagua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Wanaoanza ni 11, na lazima wawemo kipa mmoja, mabeki wasiopungua 3 na angalau mshambuliaji mmoja. Wanne wanaobaki ni benchi, nao huingia wenyewe kwa mpangilio uliouweka iwapo aliyeanza hakucheza hata dakika moja.

Ukitoka FPL ya kawaida, sahau mambo haya: hakuna unahodha, kwa hiyo hakuna pointi zinazozidishwa mara mbili. Hakuna vibonyezo vya msaada kama kubadili timu nzima kwa wiki moja. Na hakuna kile kikomo cha wachezaji watatu kwa klabu. Ukitaka sita wa Arsenal na ukawapata, ni wako.

Kukosekana kwa unahodha kuna uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika FPL ya kawaida nyota mmoja anaweza kukubebea msimu kwa sababu kila wiki unamvisha kitambaa. Hapa pointi zake zinahesabiwa mara moja kama za wengine. Nyota bado ni nyota, lakini mchezaji wako wa saba na wa nane wanapanda thamani.

Pointi zenyewe ni zilezile. Kucheza chini ya dakika 60 ni pointi 1, dakika 60 na kuendelea ni 2. Goli la mshambuliaji ni 4, la kiungo 5, la beki 6. Asisti ni 3. Timu isiporuhusu bao, beki na kipa aliyecheza dakika 60 anapata 4, kiungo 1, mshambuliaji hapati kitu. Kipa hupata pointi 1 kwa kila michomo mitatu anayookoa, na 5 akipangua penalti. Kadi ya njano inakata 1, nyekundu 3, penalti iliyokoswa 2, goli la kujifunga 2. Wachezaji bora wa kila mechi hugawiwa bonasi ya 3, 2 na 1. Msimu wa 2025/26 ukaleta pointi za kazi ya ulinzi: beki akifikisha jumla ya 10 za kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya, anapata 2, kwa kiungo na mshambuliaji kiwango ni 12, ila kwao mipira iliyookotwa nayo inahesabiwa.

Angalia sana nafasi ambayo mchezo umempa mchezaji, usiangalie anapocheza uwanjani. Salah alimaliza msimu wa 2024/25 na magoli 29 na asisti 18, akakusanya pointi 344. Alikuwa ameandikwa kiungo. Magoli yaleyale 29 yangempa mshambuliaji pointi 116. Yeye yalimpa 145, kabla hata ya kuongeza pointi moja moja za mechi ambazo Liverpool hawakufungwa. Nafasi hupangwa upya kila msimu, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana. Fungua orodha ya msimu mpya, anza na majina yaliyohamishwa nafasi. Winga aliyekuwa mshambuliaji akarudishwa kuwa kiungo amepanda thamani bila kufanya lolote.

Nyoka, na urefu wa kusubiri

Zamu zinakwenda kwa mtindo wa nyoka. Raundi ya kwanza inaanzia kwa meneja wa 1 hadi wa mwisho, raundi ya pili inageuka na kuanza na wa mwisho kurudi kwa wa 1, na kuendelea hivyo hadi raundi ya 15. Nani awe wa ngapi hupangwa kwa bahati nasibu na mfumo wenyewe.

Tuseme mko 8 na wewe umeangukia nafasi ya 3. Zamu zako ni chaguo la 3, 14, 19, 30, 35, 46, 51, na kuendelea hadi la 115. Tazama mapengo: baada ya chaguo la 3 wanapita wachezaji 10 kabla hujarudi, baada ya la 14 wanapita 4 tu, kisha 10 tena, kisha 4. Kanuni yake ni nyepesi. Baada ya raundi witiri (1, 3, 5...), idadi ya wachezaji watakaochukuliwa kabla ya zamu yako ni mara mbili ya idadi ya mameneja walio nyuma yako. Baada ya raundi shufwa ni mara mbili ya walio mbele yako. Ukiwa wa 1 kati ya 8, unasubiri 14 halafu unachagua wawili mfululizo. Ukiwa wa 8, unachagua wawili mfululizo kisha unasubiri 14.

Hesabu hii ndiyo moyo wa drafti. Kabla ya kila chaguo jiulize: kati ya hawa wawili ninaowataka, yupi atanusurika pengo linalofuata? Pengo likiwa la 4, unaweza kumwacha mmoja kwa ujasiri. Likiwa la 10, usimwache yeyote unayemhitaji kweli.

Kuna ujanja mmoja ambao wengi hawautumii. Katika mfano wetu, machaguo ya 15 hadi 18 yanafanywa na watu wawili tu, meneja wa 2 na wa 1, kila mmoja mara mbili. Fungua vikosi vyao. Mfumo haumruhusu mtu kuvuka idadi ya nafasi, kwa hiyo aliyekwisha kuchukua washambuliaji watatu hawezi kukuibia wa nne hata akitaka. Mambo yakifika raundi ya tisa au kumi, mara nyingi utakuta majirani zako wameshajaza nafasi fulani kabisa. Hapo yule unayemtaka wa nafasi hiyo haendi popote; chukua mwingine kwanza.

Aliye ukingoni, yaani wa 1 au wa 8, ana tatizo la aina yake. Pengo la 14 ni refu mno kusubiri jambo litokee halafu ulijibu. Yeye analazimika kuanzisha: akihisi makipa wanakaribia kuanza kuchukuliwa, achukue wake sasa, maana akirudi huenda watano wameshaondoka. Wa katikati, nafasi ya 4 na 5, anaweza kuishi kwa kusoma meza.

Hesabu viti kabla ya kuhesabu pointi

Ligi Kuu ina klabu 20. Kila moja inaanzisha kipa mmoja. Makipa wa kwanza basi ni 20, hakuna wa 21. Ligi ya watu 8 inachukua makipa 16. Wanabaki wanne mezani. Ligi ya watu 10 inachukua 20, wote. Ligi ya watu 12 inahitaji 24, maana yake kuna mameneja wanne watakaolala na kipa wa akiba asiyecheza.

Sasa washambuliaji. Klabu nyingi siku hizi zinaanza na mmoja wa kati, na mawinga karibu wote wameandikwa viungo. Wanaoanza kila wiki kama washambuliaji hawapiti ishirini na kitu. Watu 8 wanachukua 24, watu 10 wanachukua 30. Ndiyo kusema hata kwenye ligi ya watu 8, mshambuliaji wa tatu wa mtu fulani atakuwa mtu wa kuingia dakika ya 75.

Mabeki ni hadithi nyingine. Karibu wanne kwa kila klabu wanaanza, yaani 80 hivi, na ligi ya watu 8 inachukua 40. Nusu ya mabeki wanaocheza dakika 90 wanabaki bila mwenyewe. Viungo pia ni wengi kwa idadi, ila pengo kati ya wale wachache wa juu na wa kawaida ni kubwa sana: upande mmoja wafungaji wanaopiga penalti, upande wa pili wakabaji wanaokusanya pointi 2 kila wiki na kadi ya njano juu yake.

Kutokana na hilo, thamani ya mchezaji kwenye drafti si pointi zake zote. Ni pointi anazokuzidishia juu ya yule ambaye ungempata bure baadaye katika nafasi hiyohiyo. Chukua tarakimu za mfano tu: kipa unayemwona wa kwanza unamtarajia pointi 155, na kipa atakayebaki mwisho 115. Tofauti ni 40. Mshambuliaji wa kwanza unamtarajia 220, na mshambuliaji atakayebaki mwisho 60. Tofauti ni 160. Hata kama kipa huyo angekuwa na pointi nyingi kuliko viungo unaowapigia hesabu, kumchukua raundi ya tatu ni kutupa zamu.

Lakini usiogope uhaba wa washambuliaji kupita kiasi. Sheria inakutaka uanzishe mmoja tu. Mtu mwenye mshambuliaji mmoja wa uhakika, viungo watano wazuri na mabeki wanne anacheza 4-5-1 msimu mzima bila shida, na wale wawili wa benchi wakae tu. Watakaoteseka ni waliosubiri hadi wakakosa hata huyo mmoja. Kwa maoni yetu wawili wazuri wanatosha. Kumkimbilia wa tatu mapema ndilo kosa la ghali kuliko yote, kwa sababu zamu hiyo ingekupa kiungo wa kuanza kila wiki.

Kutengeneza orodha

1. Ijue ligi yako kwanza. Uliza idadi ya mameneja, muda wa kila chaguo, na kama mtahesabu jumla ya pointi au mtakutana ana kwa ana kila wiki. Idadi ikibadilika toka 8 hadi 12, hesabu ya viti uliyoifanya yote inarudiwa.

2. Andika majina. Zidisha mameneja kwa 15 upate watakaochukuliwa, kisha ongeza robo. Kwa ligi ya watu 8 ni 120, andaa majina 150. Wale 30 wa ziada hawapotei, ndio utakaoanza nao kutafuta wachezaji huru, yaani wasio na mwenyewe, baada ya drafti.

3. Wagawe kwa madaraja, usiwapange kwa namba. Kupanga 1 hadi 150 kunakudanganya kwamba wa 17 anamzidi wa 18. Andika nafasi nne, na ndani ya kila nafasi weka makundi ya watu ambao kwako ni sawasawa. Piga mstari kati ya kundi na kundi. Siku ya drafti kazi yako ni kutazama mistari hiyo: daraja likibaki na watu watano, subiri, likibaki na mmoja na pengo lako ni refu, mchukue.

4. Kwa kila jina andika mambo matatu kwa kifupi: dakika (anaanza kila wiki au anapumzishwa?), penalti na mipira ya adhabu (yeye au mwingine?), na hatari (majeruhi, adhabu ya kadi, tetesi za kuuzwa). Dakika zinashinda vyote. Mchezaji wa klabu ya chini anayecheza dakika 90 mechi 36 ni mali kuliko kipaji cha klabu kubwa kinachoanza mechi moja kati ya mbili, kwa sababu kwenye drafti huwezi kumbadilisha na yeyote umtakaye.

5. Linganisha orodha yako na mpangilio wa mfumo. Chumba cha drafti kinawaonyesha wote majina kwa mpangilio uleule, na asiyejiandaa atachagua kutoka juu kushuka. Tafuta majina ambayo wewe umeyapandisha lakini mfumo umeyazika chini. Hayo unaweza kuyachelewesha raundi moja au mbili. Waliosajiliwa karibuni kutoka ligi za nje na wa klabu zilizopanda daraja mara nyingi wanakuwa huko chini kwa vile hawana pointi za msimu uliopita.

6. Ingiza orodha kwenye sehemu ya wachezaji unaowafuatilia ndani ya mchezo, kwa mpangilio unaoutaka. Muda wako ukiisha bila kuchagua, mfumo unakuchagulia kuanzia juu ya orodha hiyo. Kama ni tupu, unachukua wa juu kwenye mpangilio wake. Wengi wanaiweka orodha hiyo ovyo, makipa wanne juu kwa sababu ndio walioingizwa kwanza, halafu mtandao unakatika raundi ya pili na wanapewa kipa. Tanguliza viungo na washambuliaji, makipa wakae baada ya jina la arobaini au hamsini.

7. Fanya zoezi kwa karatasi. Jipe nafasi ya 2, kisha ya 5, kisha ya 8. Kata majina kwa kufuata mpangilio wa mfumo kama vile ni wenzako wanaochagua, na kwenye zamu zako chagua kutoka orodha yako. Dakika ishirini zinatosha kukuonyesha raundi ambayo washambuliaji wanakauka.

Tarehe ya drafti nayo si jambo dogo. Msimu huanza katikati ya Agosti, dirisha la usajili hufungwa baadaye, na mkichagua mapema mno mtapoteza watu kwa majeraha ya mechi za kirafiki na kwa kuuzwa nje ya Uingereza. Pangeni siku moja au mbili kabla ya gemuwiki (raundi ya mechi za ligi) ya kwanza. Ikishindikana, mnaweza kuanza hata msimu ukiwa umesonga, pointi zikahesabiwa kuanzia gemuwiki inayofuata.

Ndani ya chumba

Ingia mapema, chaji iwe imejaa, na orodha yako ya madaraja iwe kwenye karatasi au kifaa kingine, kwa sababu kuruka kati ya kurasa mbili kwenye simu moja huku saa inahesabu kunaleta vidole vya haraka. Kila jina linapotoka, likate, hata kama hukuwa na mpango nalo. Ukiacha kukata raundi mbili tu, madaraja yako hayana maana tena.

Raundi ya 1 na ya 2 usizifikirie sana. Chukua mfungaji wa juu aliyebaki, kiungo au mshambuliaji, anayepiga penalti ikiwezekana. Haaland alifunga magoli 36 msimu wa 2022/23 na kupata pointi 272; mtu wa namna hiyo hana mbadala kwenye wachezaji huru. Kuanzia raundi ya 3 hadi ya 6 ndipo drafti inaposhindwa au kuokolewa: hapa unataka mshambuliaji wa pili kabla daraja halijaisha, na viungo wawili au watatu wenye dakika za uhakika. Beki mmoja anaweza kuingia hapa kama ni yule anayepiga kona au anayepanda kushambulia katika timu isiyofungwa ovyo. Mabeki wa kati waachie baadaye. Zile pointi za kazi ya ulinzi zimewainua wote kwa pamoja, na wanapoinuka wote, tofauti kati ya wa kumi na wa thelathini inapungua.

Makipa: kwenye ligi ya watu 8 chukua wa kwanza kati ya raundi ya 8 na ya 10, wa pili mwishoni. Kwenye ligi ya watu 10 au zaidi, sogeza mbele. Ukikosa kipa wa pili anayeanza, usichukue kipa wa akiba wa klabu yoyote tu. Mchukue msaidizi wa kipa wako mwenyewe. Wa kwanza akiumia, huyo ndiye atakayesimama langoni.

Kuna kitu kitatokea, nacho kitakujaribu: watu watatu mfululizo wanachukua makipa, au mabeki wa klabu moja. Meza nzima inaingiwa na hofu na kila mmoja anafuata. Angalia mistari yako. Kama wimbi ndiyo limeanza na daraja bado lina watu, jiunge. Kama wewe utakuwa wa sita kwenye wimbi hilo, umeshachelewa, na wazuri walioachwa kwenye nafasi nyingine ndio wako sasa. Wimbi la makipa raundi ya sita ni zawadi kwa asiyelifuata.

Ushabiki nao unasomeka mezani. Ligi ambayo wengi ni mashabiki wa klabu moja, wachezaji wa klabu hiyo wataondoka raundi mbili au tatu kabla ya wakati wao. Usishindane nao. Na kama shabiki ni wewe, iweke klabu yako kwenye madaraja kama nyingine yoyote, kisha umpe mtu mwingine akukagulie.

Raundi tatu za mwisho usizitumie kwa beki wa tano mwenye uhakika wa pointi 2. Mtu wa namna hiyo utampata bure wiki yoyote. Chukua bahati nasibu: kijana anayekaribia kuingia kikosi cha kwanza, mshambuliaji anayerudi toka majeruhi Oktoba, winga ambaye kocha mpya amemsifia. Asipozaa ndani ya wiki tatu unamwacha. Hakikisha tu hukubakiza nafasi mbaya: ukifika raundi ya 14 bila kipa hata mmoja, machaguo yako mawili ya mwisho lazima yawe makipa, na utachukua waliokataliwa na kila mtu.

Baada ya drafti

Wasiochaguliwa wanapatikana kwa njia mbili, na mpangilio wake ni huu. Muda wa mwisho wa kila gemuwiki ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Saa 24 kabla ya muda huo mfumo unashughulikia maombi: kila meneja ameshaandika nani anamtaka na nani atamwachia, na maombi yanajibiwa kwa foleni. Gemuwiki ya kwanza foleni ni kinyume cha drafti, aliyechagua wa mwisho anatangulia. Baadaye anatangulia aliye mkiani mwa msimamo. Ukikubaliwa ombi moja unasogezwa mwisho wa foleni, kwa hiyo ombi lako la kwanza liwe la mtu unayemhitaji kweli. Maombi yakishajibiwa, waliobaki wanakuwa huru mpaka muda wa mwisho, anayewahi ndiye mwenyewe.

Hapo ndipo wengi wanapoupoteza msimu, kwa uvivu tu. Cole Palmer alihamia Chelsea kutoka Manchester City tarehe 1 Septemba 2023, wiki tatu baada ya ligi kuanza. Drafti za Agosti zilimwona kama kijana wa benchi. Alimaliza na magoli 22 na asisti 11, akawa na pointi 244, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa FPL msimu huo. Aliyekuwa anasoma habari za siku ya mwisho ya usajili alimwombea bure. Kwa hiyo weka kumbusho mbili kwenye simu kila wiki, moja saa 26 kabla ya muda wa mwisho kwa ajili ya maombi, nyingine saa mbili kabla ya muda wenyewe kwa ajili ya kupanga kikosi na benchi.

Usimwache nyota kwa sababu ya mechi mbili mbaya. Ukimwachia, jirani yako aliye mkiani atamwombea, na hutampata tena. Majeruhi wa wiki tatu mweke benchi kama una nafasi. Wa miezi mitatu mwache, isipokuwa ni mtu wa raundi ya kwanza.

Kubadilishana wachezaji na mwenzako kunaruhusiwa mradi vikosi vyote viwili vibaki na 2, 5, 5 na 3. Anza na hesabu ya viti ileile: tafuta mwenye viungo wengi wazuri na washambuliaji wabovu wakati wewe una kinyume chake, utoe mshambuliaji na upokee mshambuliaji wa chini yake pamoja na kubadilishana kiungo. Ofa ya kumdhulumu mtu haijibiwi, na ya pili haisomwi. Chunguza pia kalenda. Kombe la Afrika la Morocco lilichezwa kuanzia 21 Desemba 2025 hadi 18 Januari 2026, katikati ya ratiba iliyojaa. Mwenye wachezaji watatu wanaokwenda kwenye mashindano ya namna hiyo huanza kubembeleza mabadilishano wiki ya mwisho, wakati kila mtu ameshajua shida yake. Yeye angefungua mazungumzo Oktoba, wachezaji hao wakiwa bado wanafunga.